Msafara wa Maneno Manne

Waingereza hawakututendea haki. Wangeweza kutafuta neno moja la kuvumilia wakaridhika nalo. Wao wakachukua put, ambalo ni kuweka tu, wakalifungia up, wakaongeza with, na ghafla hakuna anayeweka kitu chochote, watu wanavumilia. Ukitanguliza must, wanavumilia kwa lazima. Maneno manne kwa taabu moja! Na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwafundisha hayo wasichana wa kidato cha pili pale Tabora, miaka ile ya Ujamaa, tulipokuwa tukishika jembe asubuhi na Kiingereza jua likiwa utosini.

Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Mkaguzi angekuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, akae nyuma ya darasa langu, aamue. Nikishindwa, ningehamishiwa popote penye upungufu wa walimu. Nyumbani nilikuwa na mama, macho yamefifia, hana mtu mwingine wa kumwashia jiko wala wa kumwambia nani anapita barabarani. Sifa sikuzitaka. Nilitaka kubaki Tabora.

Wasichana wangu walikuwa wakikariri maneno hayo jioni, na kesho yake wanayarudisha yamekatika mikia. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi kama mimi, watoto wa watu waliobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani, basi nikawapanga msafara mbele ya ubao. Must alikuwa kirongozi, anatangulia na fimbo. Put alikuwa mpagazi, ndoo ya shule kichwani. Up na with walifuata nyuma. Kirongozi niliweza kumbadilisha, nikaweka should au can, lakini wa nyuma akichomoka, msafara mzima unapotea njia. Upagazi nilimpa binti mmoja wa Usoke mwenye shingo imara na sauti ya kuitia ng'ombe.

Siku ya ukaguzi akaingia bwana mnene wa suti ya Kaunda, akakaa nyuma. Msafara ulipojipanga tu, akasimama.

"Mwalimu, hawa ni wapagazi?"

"Ndiyo, ndugu mkaguzi."

"Wa Kinyamwezi? Wanakwenda wapi?"

"Pwani," akadakia yule wa ndoo, Kiswahili kikimponyoka.

"Ala! Mimi Mzaramo. Nyie ndio mliotumalizia mihogo njiani!"

Kila mtu Tabora anajua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na utani hauna cheo. Mtani akikuchokoza humwachii, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Lakini darasani kwangu Kiswahili kilikuwa marufuku kwa wanafunzi, kwa hiyo yule binti akajibu kwa Kiingereza, ndoo haitikisiki: "Sir, we must put up with Wazaramo."

Kwamba wao hawana budi kuwavumilia Wazaramo! Darasa likalipuka. Nikashika meza, nikaona kazi imeota mbawa.

Mkaguzi akaja mbele, akajipanga mkiani, nyuma ya with. "I am the Wazaramo," akatangaza. Halafu akawaambia kwamba pwani hawawezi kuishi bila Wanyamwezi, we can't do without you, maana mizigo atabeba nani? Akajibiwa kwamba Wazaramo waamke mapema watunze mihogo yao, you should get up early and look after it. Kengele ilipolia walikuwa bado wanarushiana maneno, na hakuna kitenzi kilichopoteza mkia.

"Umefaulu, mwalimu," aliniambia nje, akifuta machozi ya kicheko. "Tena mno. Nakuchukua. Utafundisha chuo cha ualimu, kwetu pwani."

Nikamwambia nina mama asiyeona vizuri. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mnyamwezi hakosi kisingizio cha kutua mzigo!" Kila nilichosema alikiona utani. Nilikwenda nyumbani nikilia kwa hasira, nikamweleza mama yote. Aliuliza jambo moja tu: yule bwana anaondoka lini.

Kesho yake mama akaniamuru nimpeleke stesheni. Mkaguzi alikuwa mlangoni pa behewa, begi lake chini.

"Shikamoo mama," akasema aliponiona naye.

"Marahaba ya mwizi sina," mama akajibu. Akapapasa, akalipata begi, akalikalia. "Umechukua mtoto wangu, mimi nachukua begi. Nenda salama, mtani."

Abiria wakashangilia madirishani. Mkaguzi akacheka, akabembeleza, akavuta mpini kidogo. Mama hakusogea. Treni ikapiga honi. Kukasirika hawezi, na mashahidi ni behewa zima.

"Haya, abaki!" akapiga kelele. "Abaki Tabora, na kazi nimemthibitisha! Nipe begi langu, mama!"

Tuliporudi nilikuwa nacheka peke yangu njia nzima. Mama alinishika mkono kwa nguvu, nami nikadhani anaogopa kujikwaa kwenye mawe. Kumbe alikuwa anatetemeka.

"Mama, si mlikuwa mnataniana?"

"Yeye alikuwa anatania," akasema.