Chupa Mbili Nyuma ya Soda

Kiema aliingia dukani kwangu mtaani Komarock, Nairobi, mwaka 1996, wiki ile ile niliyopata friji ya soda. Hakununua kitu. Aliitazama friji kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, kisha akafungua kitambaa chenye unyevu na kutoa chupa mbili ndogo.

Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa miaka hamsini hivi. Mkewe alishafariki, na binti yake wa pekee, Kaluki, alikuwa muuguzi Uingereza.

"Mama Mumin, hizi zinataka baridi," alisema. "Nafasi ya soda mbili tu."

"Soda mbili zina faida yake. Hizi zako zitaniletea nini?"

Akanieleza kwamba mwili wake hautengenezi insulini, ndiyo maana anajidunga. Chupa moja ilikuwa angavu kama maji: hiyo ya haraka, ya kushusha sukari ya chakula cha saa hiyo. Ya pili ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji: hiyo ya polepole, ya kulinda mwili kutwa. Alizichanganya kwenye sindano moja, asubuhi na jioni.

Kodi sikutaka. Nilimwambia atajidungia hapa na atakula hapa, kwa pesa yake, kwenye benchi langu: asubuhi chai isiyo na sukari na chapati, jioni chapati na maharagwe. Akajaribu kupunguza masharti, ibaki asubuhi peke yake. Nikafunga mlango wa friji. Akakubali.

Mwaka mzima alifika saa moja asubuhi na jioni bila kukosa. Alijidunga, akasubiri nusu saa akichonga kijiko, akala. Maneno yake yalikuwa machache. Nikichelewa aligonga benchi: "Dawa imeshaingia, mama. Haingoji chapati." Siku moja jasho lilimtoka akaanza kutetemeka, akaomba soda, nami nikajifunza kwamba sukari ikishuka mtu huongea kama mlevi, na dawa yake ni kitu kitamu upesi, maadamu bado anaweza kumeza.

Desemba ya 1997 Kaluki akaja likizo na mashine ndogo ya kuvaa kiunoni. Daktari wa kliniki akaipanga, Kaluki akarudi kazini kwake. Kiema alinionyesha kwa majivuno. Ndani kulikuwa na insulini ya haraka peke yake, na mrija mwembamba ulioingia chini ya ngozi ya tumbo. Mashine ilidondosha kidogo kidogo usiku na mchana. Akitaka kula, anabonyeza kuongeza dozi ya chakula. Damu haikuipima, kidole alikitoboa mwenyewe kama zamani. Mrija ukiziba, sukari ingepanda ndani ya saa chache tu, kwa kuwa ile ya polepole haimo tena mwilini.

"Sasa nakula nikitaka, kwangu," alisema. "Nitakuja kila siku ya tatu kuijaza."

Mkataba ukafa hivyo. Benchi nikaliingiza ndani lisiloweshwe na mvua. Asubuhi kadhaa nilijikuta nimekaanga chapati mbili za ziada, nikazila baridi peke yangu.

Januari, siku moja kabla ya zamu yake, gari la soda lilileta kreti na nafasi sikuwa nayo. Nikaichukua chupa yake nikaenda kumrudishia.

Mlango ulikuwa wazi. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yapikwayo na maharagwe, ulikuwa kwenye stovu, punje bado ngumu, mafuta ya taa yameisha. Kiema alikaa chini na patasi mkononi, shati limelowa jasho. Aliniita Kaluki. Akanikaripia kwa Kikamba, kwa nini nimekuja bila kumwandikia.

Sikujua kitufe cha kuzima. Nikaung'oa mrija tumboni. Halafu nikatafuta sukari, na kwa mgonjwa wa sukari utaipata wapi? Nikakimbia kwa jirani, Nerima, nikapewa vijiko vinne. Niliikoroga sukari kwenye maji nikamnywesha funda kwa funda hadi akaniita kwa jina langu.

"Nilibonyeza ya chakula," alisema. "Muthokoi ulikuwa karibu kuiva."

Kwenye benchi langu alizoea kwamba dawa ikiingia, chakula kitafika. Mashine haikujua kama sufuria imeiva. Ilifanya ilichoambiwa.

Akaiona chupa. "Umeileta kwa nini?"

Nikamwambia ukweli: soda zimekosa pa kukaa.

Akaiweka patasi chini. "Na kuirudisha kwenye friji, bei gani?"

"Ile ile. Na utabonyeza ukiwa mbele ya sahani."

Safari hii hakubishana.

Mashine ilimfaa hadi katikati ya 1998. Vifurushi vya mirija kutoka kwa Kaluki vilipungua, kisha vikakoma, barua nazo. Daktari akamrudisha kwenye chupa mbili. Mashine ilibaki juu ya kabati lake, imefunikwa kwa kitambaa kile kile cha chupa. Mimi nilipoteza nafasi ya soda mbili, na hadi leo sijaipata. Benchi nililitoa nje tena, nikalitafutia turubai.