Figo ya Skola

Msimu ule wa kuvuna mpunga, miaka ya tisini, nyumba yetu ya Ifakara haikunukia wali mpya. Ilinuka mkojo, na harufu yenyewe ilitoka katika pumzi ya kaka yangu Deo. Uso wake ulivimba hadi macho yakafumba. Ukimbonyeza mguu kwa kidole, shimo lilibaki. Watoto wa jirani walimwita Kiboko. Walipita dirishani wakikoroma kama viboko wa mtoni kule Kivukoni, naye akajitahidi kucheka ili waendelee kuja.

Daktari wa hospitali alisema figo zake zimekufa, zote mbili. Akaongeza, kama mtu anayesimulia habari za mwezini, kwamba Ulaya huchukua figo ya ndugu mzima wakampandikizia mgonjwa. Dada yetu Skola, msichana wa kidato cha pili, akasimama. "Daktari, mimi ninazo mbili. Mpe moja." Daktari akatazama chini. "Mwanangu, hapa hata mashine ya kusafisha damu hatuna. Mrudisheni nyumbani."

Maneno ya Skola yalifika nyumbani yamekwisha kugeuzwa. Shangazi, aliyetoka Kiberege kuja kuuguza, alisema mbele ya watu wote: "Msichana gani huyu anayetaka ndugu yake apasuliwe tumbo? Kikulacho ki nguoni mwako!" Baba akaafiki. Tangu hapo Skola alikatazwa kumgusa Deo, hata kumpa maji. Deo alikufa akimwita, naye yuko uani, wajomba wamemshika mikono. Makaburini hawakumruhusu kutupa udongo. La kuvunda halina ubani, walisema juu yake. Wiki ileile alipelekwa kwa masista Morogoro, na nyumbani jina lake likawa halitajwi.

Masista walimsomesha. Leo ni daktari bingwa, miongoni mwa wa kwanza nchini kupandikiza figo, na anatafiti kwa nini mwili hukataa kiungo cha mtu mwingine. Baba alikufa bila kumwomba radhi.

Hivi karibuni nilimtembelea kazini. Wodini alilala kijana aliyetoka Sanje, amevimba kama Deo. Ndugu zake wa tumbo moja waliitwa kupimwa. Hakuja hata mmoja, na simu zao zilikuwa zimezimwa. Husemwa damu nzito kuliko maji. "Deo alikuwa na ndugu, kisu kikakosekana," Skola aliniambia. "Huyu kisu anacho." Kisha akavaa koti lake jeupe, akaenda kumwambia kijana kwamba hakuna anayekuja.