Njia ya Ng'ombe Kando ya Barabara

Miaka ya shida, barabara ya kutoka Musoma kwenda Kiabakari ilikuwa yangu. Magari hayakuwa na mafuta. Sisi wa baiskeli hatukuwa na tyubu, tukajaza nyasi kwenye matairi, safari ikaendelea. Kwenye keria nilifunga tenga la sangara wa kukaanga. Watu wa mtaa wa Mukendo walinicheka, eti mwanamke kapanda baiskeli! Nikawaambia wacheke tu, ila wasije wakaniomba lifti.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Tyubu zikajaa madukani, na sikatai, nilishangilia. Lakini malori nayo yakaja, madereva wanakimbia kama waliofukuzwa na nyuki. Siku moja lori likanibana nikatumbukia mtaroni, samaki huku, mimi kule, goti limechanika. Mume wangu, ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, alisema kwa upole uleule: "Ukianguka tena, mama watoto, hiyo baiskeli nauza." Nilimjua. Akisema, kasema. Na biashara yangu yote ilikuwa juu ya magurudumu yale mawili.

Nikaenda kwenye mkutano wa kata, goti limefungwa kitambaa, nikaomba tutengewe njia ya baiskeli kando ya barabara. Bwana mmoja wa ofisi akatabasamu. "Mama, baiskeli ilikuwaga usafiri wa shida. Sasa shida imekwisha." Watu wakampigia makofi. Nilichemka! Imekwisha kwa nani?

Kesho yake nilikuwa kwa kaka yangu, mfugaji nje ya mji. Kwetu kila mtu anajua: ng'ombe wakipita mahali msimu mmoja, nyasi hazioti tena, na udongo unashindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Nikamwomba awapitishe ng'ombe wake ng'ambo ya mtaro kila asubuhi wakienda kunywa maji.

"Dada, ng'ombe wakuchongee barabara?" Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini aliwapitisha.

Njia ikatokea, na wenye baiskeli wote wakahamia huko. Tulikosea jambo moja. Sisi watu wa ng'ombe tulisahau kwamba ng'ombe hanyooki. Kila kichaka alikizunguka, kila jani alilifuata. Njia ikapindapinda, na kwenye kona moja yenye shimo nikaanguka. Nilificha kiwiko ndani ya khanga. Kazi bure, wenzangu wa baiskeli hawana siri. Jioni mume wangu alikitazama kile kiwiko, akaendelea kula.

Asubuhi niliamka, baiskeli haipo, na yeye hayupo. Nikatoka mbio kumfuata, pekupeku, nikijiandaa kumtukana kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. Kwenye ile kona nikamkuta ameinama na jembe, shati limelowa jasho, keria ya baiskeli yangu imefungwa mawe. Shimo alikwisha kulifukia. Sasa alikuwa anang'oa kichaka ili njia inyooke.

"Nilidhani umeenda kuiuza," nikasema, nahema.

"Nilitaka." Akachukua jiwe jingine. "Nikawaza, ukiikosa utaenda kwa miguu. Na lori halichagui wa miguu wala wa baiskeli."

Nikakaa chini nikalia, mtu mzima mimi. Kisha nikainuka, nikaanza kumsogezea mawe.