Bega la Wafula

Asubuhi ile mwaka 2011 tulikuwa tukifunika sakafu. Mimi na Wafula wa Bungoma tulikuwa vibarua kwenye magofu ya shamba la tajiri mmoja wa Kirumi wa kale, pwani ya Libya: nguzo zilizoanguka, kinu cha kukamulia zeituni, na sakafu ya vijiwe vya rangi vilivyopangwa vikawa picha za samaki. Wataalamu walikuwa wamekimbia vita, wakatuachia kazi ya kuizika sakafu mchangani isiharibike. Mimi nilitumia toroli. Wafula alibeba magunia kwa bega la kulia, akinicheka kwamba toroli ni ya kina mama.

Milio ya bunduki tulikuwa tukiisikia kwa mbali. Tulishaizoea.

Adhuhuri wapiganaji wakaja na pikapu. Walikuwa wakisaka mamluki weusi wa serikali.

Wakatuamuru tuvue mashati.

Bunduki humchubua bega anayeifyatua. Hilo ndilo walilokuwa wakitafuta. Langu lilikuwa safi. La Wafula lilikuwa limevimba, limevilia damu.

"Ni mchanga," nikasema kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. "Amebeba mchanga."

Wakamtupa nyuma ya pikapu. Nilibaki nimeshika shati, sihisi chochote, hata woga. Kisha nikamalizia kipande cha sakafu kilichobaki.

Miaka ikapita, nikawa mlinzi wa hoteli huku Doha, West Bay. Nekesa, dadake Wafula, naye akaja kufanya kazi ya unesi. Alinitafuta mpaka tukakutana kwenye duka la chai mtaani Al Sadd.

"Bro, mathe amechoka kungoja. Wazee wanataka tuzike shina la mgomba badala ya mwili, lakini amekataa kabisa mpaka asikie kwako."

"Sikumwona akifa, Nekesa."

"Najua. Lakini atangoja hadi lini?"

Akapiga simu, akanipa.

"Mwanangu," mama yake akasema, "Wafula alikufa?"

"Alikufa, Mama."

"Nani alimzika?"

Nekesa alikuwa akinitazama.

"Mimi. Kwa mikono yangu."

Mama akaanza kulia. Nekesa alichukua simu, akatoka nje. Niliinywa chai yangu yote ingawa ilikuwa imepoa, nikaenda kazini.

Nyumbani walizika mgomba, wakafanya matanga. Mimi, kila nikipigiwa na namba nisiyoijua, huipokea mbio, nikiogopa kuisikia sauti ya Wafula.