Nilimdanganya mama mdogo kwa ajili ya mlio wa sufuria

Jina langu silitoi, na kabla hamjaniita mwoga, nimeshajiita mwenyewe. Kosa ni langu. Si la shetani, si la ujana, si la kompyuta. Nimechoka na watu wanaoungama huku wakimtwisha mwingine nusu ya mzigo.

Mimi ni binti wa Bulengera, hapa Butembo. Natengeneza simu kwenye kibanda, na wateja wakikosekana nachora michezo ya kompyuta ya kuogofya. Si ile ya bunduki na mbio. Ni michezo mifupi, dakika kumi imekwisha, picha zake za vimraba vimraba kama michezo ya zamani ya televisheni. Unaona chumba, unabonyeza kitu, kitu kinakujibu. Ukibonyeza dirisha, linakuambia nje kuna nini. Basi. Woga wote uko katika kungoja.

Mchezo wangu wa tatu ndio ulionivimbisha kichwa. Msichana yuko peke yake nyumbani, mama yake ameenda shamba na hajarudi. Unabonyeza kitanda, kidumu cha maji, viatu vya mama. Mwishoni unasikia sufuria inapigwa mbali, halafu karibu, halafu karibu zaidi, na lazima uchague kitu kimoja cha kukimbia nacho.

Nyumba ile sikuibuni. Ilikuwa nyumba ya mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyekimbia mauaji kule Eringeti na mjukuu mgongoni na sufuria moja mkononi. Alikuwa akinisimulia tukimenya mihogo, kidogo leo, kidogo kesho, na hakuwa amemwambia mtu mwingine. Mimi nilitikisa kichwa kwa huruma, na moyoni nilikuwa napima ukubwa wa dirisha lake. Mtu gani anafanya hivyo!

Kwetu sufuria si ya kupikia tu. Anayeona hatari anaipiga, na ukisikia huulizi nani wala kwa nini. Unashika yako unapiga ili mtaa wa pili usikie, kisha unakimbia. Kwenye avenue yetu, mtaa wetu huu, tunapiga mfululizo tangu mwanzo. Kule alikotoka mama mdogo walipiga tatu, wakanyamaza kidogo, tatu tena, ndipo wakaendelea bila kukoma.

Mlio huo ndio niliutaka. Nilijaribu na sufuria za mama, zikalia kama kijiko kwenye sahani. Ile ya mama mdogo ilikuwa nzito, kitako chake kimebonyea kwa mapigo, na hakuwa akimwazima mtu. Kwa hiyo nikamwambia kwaya yetu ya parokia inatafuta mlio wa kuchanganya na ngoma, kwa wimbo wa sikukuu. Kwaya! Sijaimba kwaya tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Uso wake ulifunguka. Tangu afike kwetu sikuwa nimeuona hivyo. Akasema mimi sitajua kupiga, atapiga mwenyewe. Akakaa kwenye kiti kifupi, akashika mwiko, akafumba macho. Alianza kwa kugusagusa tu, halafu akapiga kama siku ile, na hapo ndipo mimi nilianza kuogopa. Lakini sikuzima simu iliyokuwa ikirekodi. Alipomaliza akaniuliza kama imetoka vizuri. Nikasema imetoka vizuri sana. Akanijibu wasingya. Yeye ndiye aliyenishukuru mimi!

Niliuweka mchezo kwenye mtandao. Watu wa mbali, wasiojua Butembo iko wapi, wakaniandikia kwamba mlio wa mwisho umewafanya wavue vifaa vya masikioni. Nikasoma maneno yao mara nne, mara tano, nikajiona bingwa. Leo nikiyakumbuka natamani kujipiga kofi.

Rafiki yangu Paluku ana salle ya video ambako vijana huangalia mpira. Akasema lazima mchezo uonyeshwe pale. Jumapili moja baada ya misa tukaingia sisi wawili tu, kujaribu mitambo kabla watu hawajaja. Mlango tuliuacha wazi kwa sababu ya joto la jenereta. Mabafle yake mawili, zile spika kubwa, yanafika kifuani kwangu. Paluku akafungua sauti mpaka mwisho, akaniambia nianze na sehemu ya sufuria. Nikabonyeza.

Tatu. Kimya. Tatu.

Nilielewa kabla tatu za pili hazijaisha. Hadi ninachomoa waya, jirani wa kwanza alikuwa ameshaitikia. Kisha wa nyuma yake, kisha ng'ambo ya bonde. Nikatoka nje nikipaza sauti kwamba ni mchezo tu. Nani anamsikia mtu wakati sufuria zinalia? Akina mama walibeba watoto wao na wa wenzao. Mzee mmoja alipita amevaa kiatu kimoja. Dakika chache baadaye avenue nzima ilikuwa tupu, na sufuria zikaendelea huko mbali ambako sikuweza kuzifikia.

Mama mdogo alikuwa na maharage motoni. Alimfunga mjukuu mgongoni akakimbilia bondeni, akateleza. Ili asimwangukie mtoto aliutanguliza mkono, ukavunjika kwenye kifundo. Hakuna aliyekufa, na msiniambie nishukuru.

Kesho yake chef wa avenue, mkuu wa mtaa, akatukusanya sote. Alikuwa na hasira, na haki alikuwa nayo. Akasema sufuria ya kwanza ilipigwa tatu na tatu, na hayo si mapigo ya kwetu. Akauliza nani alianza. Macho ya watu yakahama polepole, moja baada ya jingine, mpaka yakamfikia mama mdogo na mkono wake uliofungwa kitambaa.

Paluku alinibana kiwiko, akaninong'oneza kwamba watamfungia salle. Sitamtwisha hilo. Alibana kiwiko, hakubana mdomo wangu.

Mama mdogo hakumtazama chef. Alinitazama mimi. Alikuwa amesikia mlio umetokea upande gani, na mapigo ya mkono wake mwenyewe aliyajua.

“Ni miye,” akasema. “Mu kichwa yangu nilisikia batu banakuya. Munisamehe.”

Nikanyamaza. Ndilo ungamo langu hasa, hayo mengine ni njia tu ya kulifikia. Mdomo ulikuwepo, ulimi ulikuwepo, na mimi nikatazama vidole vya miguu yangu!

Kwetu anayepiga sufuria bure hapigwi. Anaambiwa kwamba sufuria yake haitaitikiwa tena. Siku akiipiga, apige peke yake. Fikirieni mtu aliyeokolewa na sufuria za majirani kuambiwa neno hilo. Wanawake wakaanza kuwaita watoto wao wasicheze na mjukuu wake. Walisema wale wa juu, wakimbizi wa Eringeti, wametuletea woga wao. Waliyasema kibandani kwangu, nikiwatengenezea simu, na mimi nilicheka nao. Nilicheka!

Wiki tatu baadaye aliondoka, akaenda Kyavinyonge kwa mwanawe anayeuza samaki wa ziwa. Sufuria aliiacha kwenye mafiga yetu. Alipokuwa juu ya pikipiki, mtoto katikati, akaniuliza jambo moja tu.

“Ile wimbo ya kwaya, balishaimbaka?”

Hakuuliza kwa kejeli. Pikipiki ikaenda.

Niliufuta mchezo siku hiyohiyo, kana kwamba kufuta kunaunga mfupa. Kwenda kwa chef kulinichukua miezi miwili. Akanisikiliza, akasema hilo alilosikia peke yake halitoshi, akawakusanya watu tena. Nikasema yote. Wengine walitema mate chini. Mwanamke aliyekuwa akinichekesha kibandani alinigeuzia mgongo. Hukumu ile ikaondolewa kwa mama mdogo, ikahamia kwangu.

Nikaichukua sufuria nikaenda nayo Kyavinyonge. Nilimkuta akiparua tilapia kwa mkono mmoja, ule mwingine haujanyooka. Nikapiga magoti kwenye magamba, nikasema nisamehe, nikaisukuma sufuria mbele yake. Akamaliza samaki aliyekuwa naye, akachukua mwingine, akammaliza na huyo.

“Hapana kunirudishia,” akasema. “Ikae kwako. Siku utaipiga, ikuwe ya kweli.”

Sikumwambia kilichoamuliwa kwetu. Nilirudi nayo.

Ninyi mnaochora michezo, mnaoandika, mnaorekodi, mkitaka kuogofya watu tafuteni katika woga wenu. Woga wa mtu aliyekuamini una mwenyewe. Na ukifanya kosa, sema wakati swali bado linaulizwa, mbele ya walewale, maana mtu asiye na kosa atalijibu badala yako, na utamwacha alijibu. Najua ninachosema.

Sufuria nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango. Mama yangu hapikii ndani yake, na hanisemeshi juu yake. Tunaishi sisi wawili tu katika nyumba yetu. Siku hatari ya kweli itakapokuja nitaipiga, kama alivyoniagiza, na avenue nzima itasikia, na hakuna atakayenyanyuka.