Tuliolala Juu ya Pamba

Enzi zetu kule Busia, msimu wa pamba, mtoto aliyelala kitandani alikuwa mgeni. Sisi wengine tulilala juu ya pamba yenyewe, imejaa chumba hadi dirishani, kwa kuwa baba hakuamini ghala la mtu. Ilikuwa na joto, inawasha shingo, na ukijigeuza mbegu zinakuchoma mbavu. Asubuhi tunaingia shuleni na nyuzi nyeupe kichwani kama wazee. Vijana wa leo godoro likiwa jembamba kidogo tu, mgongo unauma!

Nilidhani mambo hayo ni yetu peke yetu, hadi nilipokutana na Prakash hapa Doha. Ndiye dereva wa basi la kampuni linalotutoa sisi walinzi Industrial Area kutupeleka lindo Al Sadd. Kwao ni Amravati, India. Nikamuuliza, huo ni mji? Ni mji, akasema, na pia ni divisheni nzima yenye wilaya tano. Yeye shuleni alikariri nne, baadaye moja ikagawanywa. Nikacheka sana. Mimi nilikariri mikoa minane, leo ni kaunti arobaini na saba, na mwanangu nikimwambia azitaje anafungua simu.

Nikazidi kumchimba. Mkubwa huko ni nani? Kamishna juu, kolekta kila wilaya, na chini yao tehsildar wa mambo ya ardhi. Haya basi! Si ndio PC, DC na DO wetu? Mwingereza alishona suti moja akatuvalisha wote. Kwao nchi ilikuwa ya Nizamu, mtawala wa Hyderabad, Mwingereza akaishika, akapeleka reli ibebe marobota ya pamba. Na mpaka leo wanailima. "Sasa kabla ya kuuza mliiweka wapi?" nikauliza.

"Ndani, sadiki," akasema, kwa Kiarabu cha hapa, yaani rafiki. "Tulilala juu yake."

Ndipo nikamsimulia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nikiwa darasa la tatu nilisikia wakubwa wakisema pamba yenye maji huwa nzito kwenye mizani. Nami nilitaka sweta. Nikalimwagia lundo letu kata nne za maji ya mtungini. Karani wa ushirika alipotia mkono guniani akatoa ukungu, akatangaza mbele ya watu, "Hii hata fifi, daraja la chini, haifiki!" Baba alirudi na magunia yake yote. Akauliza mara moja tu ni nani. Kaka yangu Wandera akasema ni yeye. Alichapwa mpaka mama akalia, na mimi nikanyamaza. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Niliona aibu, naiona mpaka leo.

Prakash akanitazama. "Habari za kamishna wangu unauliza siku nzima, kaka yako humuulizi?"

Ijumaa, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, nikampigia Wandera. Alicheka hadi akakohoa.

"Wee! Nilikuona ukimwaga."

"Mbona ukasema ni wewe?"

"Baba alikuwa na mkono mzito. Na wewe ulikuwa ndio kwanza umeinuka kutoka malaria, miguu kama njiti. Ungekufa, ndugu yangu."

Malaria yenyewe nilikuwa nimeisahau kabisa. Nikalia pale pale, watu wakipita.

Siku hizi wanangu kila mmoja ana chumba chake na simu yake, na siwaonei wivu. Ila juzi nilimpigia mkubwa nikamuuliza mdogo wake anaendeleaje na homa ile ya wiki jana.

"Kwani aliumwa, baba?"