Kipande cha Bamba Kwenye Glasi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyotembea kutoka Miyuji kwenda hospitali nimeshika glasi ya maji, dada yangu nyuma amembeba mwanawe Nyemo. Tulikuwa njiani kwenda Ihumwa, kwa mtu wa kumpasua mtoto paji la uso. Hospitalini tulipitia tu, maana dada alikataa kwenda moja kwa moja. Nami nikakubali kwa sababu moja: nilitaka kuwaaibisha watu wa hospitali.

Nyemo alikuwa na miaka sita. Miezi minne nyuma punda wa kuchotea maji alimpiga teke juu ya jicho, mfupa ukabonyea. Daktari mgeni aliyekuwapo kwa muda aliuinua, akaushikiza kwa bamba dogo na skrubu zake. Akatuambia bamba si la chuma. Litaushika mfupa mpaka uunge, kisha litayeyuka lenyewe mwilini, ili kichwa cha mtoto kikue bila kubanwa wala asipasuliwe tena kulitoa.

Sikuamini. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na kila kilichoingia mjini kilikuja na maneno matamu. Nilishauza betri zilizokufa kabla redio haijamaliza taarifa ya habari. Nilishavaa viatu vya ngozi vilivyofumuka kwa mvua moja. Shule niliachia darasa la tano, lakini kukagua vitu nilijifunza. Basi nikamwomba daktari kipande alichokikata pembeni mwa bamba. Akacheka, akanipa.

Nikakitia kwenye glasi ya maji ya kisima, dirishani kwa dada. Kila niliporudi kutoka Mtera kwenye biashara yangu ya samaki, nilikitazama kabla hata ya kusalimia watu. Miezi minne, kigumu vilevile. Halafu paji la Nyemo likavimba.

"Unaona?" nikamwambia dada. "Wamemwachia plastiki kichwani. Wanamfanyia majaribio."

"Tumrudishe kwanza wakamwone, kaka."

"Waliokudanganya ndio ukawaulize?"

Hospitalini tulimkuta muuguzi mmoja mtu mzima, mama wa mjini, ushungi wake mweupe kuliko shuka za wodini. Nikaiweka glasi mezani.

"Shikamoo, mama. Hiki hapa, hakijayeyuka."

"Marahaba. Maji ya wapi haya?"

"Ya kisima."

"Mshike mtoto shingoni." Nikamshika. "Joto lake na la glasi yako yamefanana?"

Nikaigusa glasi, ilikuwa baridi.

"Mwilini huchukua mwaka, hata zaidi. Kwenye baridi ya dirisha lako, labda utazeeka ukisubiri. Na bamba likiwa linayeyuka, pengine nyama ya juu yake huvimba. Ndiyo maana mliambiwa mrudi baada ya miezi mitatu. Mlirudi?"

Dada akanitazama. Mimi ndiye niliyemkataza. Ndipo akasema yote, na habari za Ihumwa na wembe wake.

Yule mama hakupandisha sauti. "Huyo mwenye wembe," akaniuliza, "yeye ulimjaribu kwenye glasi gani?"

Nilikuwa nimeambiwa tu na mpakia mizigo wa stesheni kwamba ana mkono mwepesi, nikaridhika, maana alisema nilichotaka kusikia.

Ihumwa hatukwenda. Nyemo akachunguzwa, akapewa siku ya kurudi, tukarudi, na uvimbe ukaisha wiki hadi wiki. Glasi sikuimwaga. Mwaka wa pili nilikitoa kile kipande, kikavunjikavunjika vidoleni kama biskuti iliyolowa. Leo Nyemo ana watoto, na ukimtazama huoni kitu ila mstari mwembamba kwenye nyusi.

Sikwambii uache kushuku, mwanangu. Mimi bado nashuku, na dawa nikipewa nasoma karatasi yake mpaka mwisho. Uliza, na usipoelewa uliza tena, hata wakuchoke. Lakini anayekubaliana na hofu yako mshuku zaidi ya anayeipinga, na jaribio lako mwenyewe lishuku kuliko wote. Siku uliyopangiwa kurudi, rudi. Na ujanja wako usiulipie kwa mwili wa mtoto.

Mungu akujalie jicho jepesi la kuona na mkono mzito, usio na haraka ya kukata. Na siku mkono wako utakapokuwa mwepesi, akuwekee mbele mtu wa kukuuliza swali kama nililoulizwa mimi.